Nyumba Imepigwa Mnada, Jina Bado Liko CRB: Pa Kuanzia

Wapo Wameru wengi wanaofanya biashara Mombasa na Malindi ambao mkopo wa duka la pwani uliwekewa dhamana ya hati ya bara, yaani kipande cha ardhi na nyumba huko Nkubu, upande wa Abogeta au Nkuene. Biashara ikilala, mnada hupigwa kule, mwenye deni akiwa Kongowea. Linalowashtua wengi baadaye ni kwamba nyumba imekwenda, lakini jina bado limo CRB, na mara nyingi deni nalo halijaisha. Hayo yanamhusu vilevile mtu wa Likoni au Kilifi aliyeweka hati ya nyumba yake, maana sheria ni moja nchi nzima.

Anza na hesabu ya mnada. Andikia benki barua ukitaka taarifa kamili: nyumba iliuzwa kwa kiasi gani, dalali na wakili walilipwa ngapi, na kilichobaki kiliingia wapi. Pesa zikizidi deni, ziada ni yako. Zikipungua, benki inaweza kukudai salio, hata kwa kwenda mahakamani.

Salio hilo usilikubali kwa kutajiwa tu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinaweka kikomo. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwepo siku ile. Chukua mfano wa deni la msingi la shilingi milioni 2. Benki inaweza kudai milioni hizo 2, na riba isiyozidi milioni 2 nyingine, pamoja na gharama za kufuatilia. Wakikwambia deni lilikuwa limefika milioni 5.1, nyumba imeuzwa 2.8 na umebakiwa na milioni 2.3, hesabu hiyo ina walakini: salio ni milioni 1.2 na gharama zilizothibitishwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atalimaliza deni au atalikimbia.

Angalia pia taratibu zenyewe. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka ilani ya miezi 3 ya kulipa malimbikizo, kisha ilani ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye ana ilani yake ya siku 45. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji huchukuliwa kuwa hakutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Nyundo ikishaanguka, kuirudisha nyumba ni vigumu mno, na anayekuahidi hilo kwa ada ya mapema mwogope. Lakini fidia inaweza kudaiwa, na fidia hupunguza salio. Hapo ndipo wakili anapofaa pesa zake.

Sasa jina. Kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu kuweka kumbukumbu za mikopo ni tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila mwaka una haki ya ripoti moja ya bure. Chukua ya zote tatu, kwani huenda kosa likawa kwenye moja tu. Nyumba iliyouzwa inaweza kuonekana bado kama mkopo mzima usiolipwa, kana kwamba mnada haukufanyika. Ukiona hivyo, peleka pingamizi kwa maandishi, ukiambatisha taarifa ya mnada.

Jambo ambalo watu hukosea zaidi ni miaka 5. Habari mbaya hubaki kwenye kumbukumbu kwa miaka 5 tangu deni lilipomalizwa. Miaka hiyo haianzi siku ya mnada. Aliyepoteza nyumba, akabadilisha laini ya simu na kunyamaza, hajaanza hata kuhesabu. Kwa hiyo salio dogo lililomalizwa leo lina faida kuliko kusubiri. Benki nyingi hukubali kupunguza ukija na pesa za mkupuo. Lakini kabla ya kulipa, pata barua isemayo malipo hayo yanafunga deni lote. Ukishalipa, dai barua nyingine ya kuthibitisha, kisha fuatilia CRB mpaka ibadilishwe. Hakuna mtu wa mtandaoni anayeweza kukufutia jina. Anayesema anaweza ni tapeli.

Tena, aliyechukua murabaha kwenye benki ya Kiislamu asidhani hayumo. Benki hizo nazo zina leseni ya Benki Kuu na hupeleka taarifa kama wenzao.

Kukopa tena kuje mwisho, na kuanze kidogo. Huko Nkubu njia ya kawaida ni Sacco: mkulima wa chai hupitishia malipo yake humo mwezi kwa mwezi, akiba inakua, kisha anakopa kiasi kisichozidi akiba yake mwenyewe na kukilipa kwa wakati. Pwani, Sacco ya walimu au ya matatu hufanya kazi ileile. Kuwa CRB si marufuku ya kukopa, kwa sababu kila mkopeshaji huamua mwenyewe, na Sacco inayokujua itakusikiliza kabla ya benki. Mikopo ya simu ya kuruka kutoka programu moja hadi nyingine, kwa maoni yangu, humchimbia mtu shimo jipya.

Mke au mume naye achukue ripoti yake. Kama nyumba ilikuwa ya ndoa, alitakiwa kuridhia ndipo iwekwe dhamana, na kuridhia peke yake hakumfanyi mdaiwa. Lakini wengine siku ile waliwekewa karatasi mbili mezani, ya kuridhia na ya kuwa mdhamini wa deni, wakatia sahihi zote bila kusoma. Aliyetia sahihi ya pili anaweza kudaiwa salio, na jina lake pia linaweza kuwa kwenye orodha.