Mkopo wa Shamba na Hatimiliki: Hii Story Ilianza 1954

Wasee, mkulima kunyimwa mkopo juu hana hatimiliki si kitu ya jana. 1954 serikali ya mkoloni ilileta Mpango wa Swynnerton: vipande vya shamba viunganishwe, vipimwe, mwenyewe apate hatimiliki, halafu mkopo na nafasi ya kupanda kahawa, zao ambalo Waafrika wengi walikuwa wamekatazwa.

Poa, ama? Angalia tarehe tena. Hiyo ni Hali ya Hatari. Huko Kati, maelfu walikuwa kizuizini shamba zikipimwa. Homugadi na watu wa chifu walikuwa nyumbani, na wengi walitoka na vipande vizuri. Na shosho mwenye alikuwa analima? Kwa hatimiliki kawaida liliandikwa jina la mwanaume.

Leo akiomba mkopo, mara nyingi anaulizwa hiyo karatasi.