Datsun namba 11

Samahani kwa kupotea, mitihani ilinibana kweli. Jumamosi nikapanda treni kutoka hapa chuoni hadi Zama, mkoani Kanagawa, kwenda kuona magari ya zamani ya Nissan.

Yamewekwa kwenye kiwanda kilichoacha kuunda magari mwaka 1995. Lazima uombe nafasi mapema. Wanayo kama 300 hivi, yamepangwa safu kwa safu na kusuguliwa mpaka unaona uso wako.

Kwanza niwape kisa cha jina. Mwaka 1914 kampuni ya Kaishinsha ya Tokyo iliunda gari ikaliita DAT, herufi za mwanzo za majina ya waliotoa pesa: Den, Aoyama na Takeuchi. Mwaka 1931 likaja dogo lake, wakaliita Datson, yaani mtoto wa DAT kwa Kiingereza. Kumbe "son" kwa Kijapani inasikika kama hasara! Nani anunue hasara? Wakabadili herufi moja, likawa Datsun, la jua.

Sasa lililonipeleka. Babu yangu huko Kenya hachoki kusimulia Pasaka ya 1971, alivyosimama kando ya barabara kutazama Safari Rally, likapita gari jekundu lenye boneti nyeusi likammwagia tope shati lote. Anaapa lilikuwa gari la michezo, la watu wawili, chini kama kobe. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka. Gari la hivyo kwenye tope lile? Babu anatia chumvi bwana.

Basi nikalikuta. Datsun 240Z, namba 11, jekundu, boneti nyeusi. Nilisimama pale mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Na ushindi wenyewe haukuja kirahisi. Datsun walianza kuja kwenye Safari mwaka 1963, mwaka ambao magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Yao hayakuwemo. Wakarudi tena na tena, wakajifunza barabara zetu, hadi 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wawili hao hao wakashinda na hili namba 11. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye kwenye 240Z. Mehta akaja kushinda 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Mara tano! Kwa hiyo wazee wetu wakisema Datsun ni chuma, si tangazo la redioni, waliyaona kwa macho yao.

Usiku nikampigia babu. Nikamwomba radhi, nikamwambia nimeliona. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Wameliosha?"

Nikasema ndiyo babu, linang'aa.

"Shati langu halikutoka tope lile," akasema. Akaanza kusimulia upya tangu mwanzo, na vocha yangu ikaishia hapo. Picha nitaweka kesho.