Bunga Inapanda Bei Mbele ya Njaa Kufika



Kila masika, mvua ikiharibu barabara ya Kolwezi, siye watu wa Mutshatsha tunasema maneno yaleyale: wachuuzi ni wabaya, serikali ifunge bei. Mimi nimekulia pale, na hasira hiyo naijua. Lakini nikiangalia historia yetu naona kitu kingine: bei ya wakati wa msiba haizuiwi na amri peke yake. Inazuiwa na bunga iliyo ndani ya depo mbele ya msiba kufika.

Mfano ulio wazi zaidi katika nchi yetu ni wa Kinshasa. Tarehe 26 Machi 2020, wakati wa Korona, Gavana Gentiny Ngobila alitangaza kwamba kuanzia tarehe 28 watu watafungiwa nyumbani: siku nne ndani, siku mbili za kutafuta chakula, na hivyohivyo kwa majuma matatu. Watu wakakimbilia soko, bei zikaruka. Hakuna shamba lililoungua. Chakula kilikuwa kilekile cha juzi. Kilichobadilika ni woga. Mbele ya siku yenyewe kufika, gavana akaahirisha, na kupanda kwa bei kulikuwa kati ya sababu alizotoa. Mwezi wa nne ikafungwa Gombe tu. Yaani bei ya soko ilishinda amri ya gavana.

Sasa turudi kwetu Katanga. Huku swali lilikuwa siku zote: nani anashika stoki? Zamani za Union Minière ilikuwa kampuni. Mfanyakazi alipewa posho, bunga yake ikiwa ndani. Lakini vita vya dunia vilipopandisha bei za vitu, mshahara ulibaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi katika uwanja wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na Léonard Mpoyi alikuwa kati ya waliokufa. Tusisahau: bei ya vitu ikiachwa ipande bila jibu, mwisho wake unaweza kuwa damu.

Gécamines iliendeleza desturi ya kugawa bunga, na huko Likasi ilikuwa na kinu chake cha Kakontwe. Mwenye kazi alikula bukari hata soko likichafuka. Lakini mkulima na mama wa soko hawakuwa kwenye orodha. Halafu miaka ya 1990 kampuni ikaanguka, na stoki ikaanguka nayo. Gavana Moïse Katumbi alijaribu kuziba pengo kwa kutaka kila kampuni ya madini ilime hekta 500. Hata hivyo, tuliendelea kutegemea bunga ya Zambia inayopita Kasumbalesa. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Jirani akikosa mahindi, sisi tutakula nini?

Mutshatsha tuna shida ya ziada. Vita ya Angola ilipofunga njia ya reli ya Benguela mwaka 1975, bidhaa za mbali zilibaki kutufikia kwa upande mmoja, wa Kolwezi. Mlango ukiwa mmoja, mwenye depo mlangoni ndiye anasema bei.

Ndiyo maana naomba tutofautishe watu wawili. Mama anayeuza kwa meka hana stoki. Akiuza leo kwa bei ya jana, kesho hawezi kurudi depo kununua mfuko mwingine. Ukimkamata yeye, umefunga meza tu. Mtu wa pili ni yule mwenye mifuko mingi ndani, anayefunga mlango na kusema "imekwisha", akingoja bei ipande. Huyo ndiye wa kufuatwa. Tena sheria yetu ya tarehe 9 Julai 2018 inaitwa sheria ya uhuru wa bei na ushindani. Uhuru wa bei bila ushindani ni uhuru wa mtu mmoja.

Basi tufanye nini, siye tuliosoma? Mambo matatu. Kwanza, kila Jumamosi mwanachama mmoja aandike bei ya meka Mutshatsha na Kolwezi, tuiweke hapa hapa, ili masika ikifika tujue nani amepandisha, lini na kwa kiasi gani. Pili, tuombe teritware ihesabu mifuko ya depo mbele ya mvua, si wakati njia imekwisha kukatika. Tatu, tuchangie mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tuyaweke, tuyauze kwa bei ya haki njia ikikatika. Hata mifuko hamsini inatosha kumfanya mwenye depo afikiri mara mbili.

Mavuno hayangoji mkutano. Nani ataanza kuandika bei Jumamosi hii?