Mpagazi katika Historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia

Vitabu vingi vya utangulizi kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia huanzia Sarajevo, Juni 1914, na kukomea Ufaransa, Novemba 11, 1918. Afrika Mashariki, ikitajwa, hupewa aya moja ya kusifu ujanja wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyeweka silaha chini huko Abercorn, kaskazini mwa Zambia ya leo, Novemba 25, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia. Ninadai kwamba aya hiyo imempa nafasi mtu asiyestahili. Mhusika mkuu wa vita hivi katika eneo letu ni mpagazi, na anayemwacha nje hawezi kueleza kikamilifu kwa nini ugomvi wa madola ya Ulaya ulikuwa wa dunia nzima.

Tuanze na chakula, maana huko ndiko vita hivi vilikoamuliwa. Nje ya reli chache, kama ile ya Tanga hadi Moshi na ile ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, mizigo haikuwa na njia ya kusafiri ila vichwani mwa watu, kwa kuwa mbung'o waliua farasi, nyumbu na maksai. Sasa tupige hesabu: mtu aliyebeba kilo 25 za unga, akila kilo moja kwa siku, huumaliza mzigo wake mwenyewe katika mwendo wa siku kumi na mbili na nusu kwenda na siku kama hizo kurudi. Jan Smuts, aliyekabidhiwa majeshi ya Uingereza mwaka 1916, aliyasukuma kusini kwa kasi na kuziacha ghala nyuma. Pengo hilo lilizibwa kwa kuongeza watu na kuwapunguzia posho. Kumbukumbu za Waingereza zinataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa upande wao, dhidi ya askari kama 11,000. Waliowaua si risasi hasa, bali njaa, kuhara damu, malaria na nimonia. Wajerumani nao walitwaa watu na nafaka vijijini. Huko Ugogo, unyang'anyi wa pande zote mbili pamoja na ukame ulizaa njaa ya Mtunya.

Atakayepinga atasema upagazi ulikuwa kazi ya kale, na Wanyamwezi walijijengea sifa kwayo muda mrefu kabla ya Wajerumani. Ni kweli, lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Mpagazi wa msafara aliafikiana ujira, aligomea posho mbovu na aliweza kumtoroka mwajiri mkorofi. Wa vitani alikamatwa kwa nguvu ya sheria au kwa mkono wa jumbe, akapelekwa nyanda asizozizoea, mara nyingi bila blanketi. Mzigo ulifanana, mkataba haukuwapo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mshindi alipatikana Ulaya, na kwamba mapigano ya Tanga au Mahiwa hayakubadili lolote huko. Sibishi. Ila swali la nani alishinda wapi ni tofauti na swali la vita vilikula nini. Dola iliyoweza kumtoa mtu shambani kwake Nyanza na kumzika kando ya Rufiji, kwa ugomvi asioujua chanzo chake, ndiyo iliyovitawanya vita duniani. Lettow-Vorbeck mwenyewe alitaka kuwavuta Waingereza huku ili wapungue Ulaya. Mkakati huo ulilipiwa na wanavijiji.

Wengine husema ushahidi ni haba. Uhaba huo una historia yake: taasisi ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa hawakuandikwa majina. Waliotakiwa kuwaandika waliona hakuna haja, na mwanahistoria anayewaacha kwa kukosa nyaraka anakamilisha uamuzi uliopitishwa na makarani wa dola miaka mia moja iliyopita.