Kumbukumbu ya Daraja la Selma
Kumbukumbu ya Daraja la Selma hufanyika kila mwaka, mwanzoni mwa Machi, katika mji wa Selma, jimbo la Alabama, Marekani. Hukumbusha maandamano yaliyochochea kupitishwa kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Tarehe 7 Machi 1965, watu wapatao 600 walianza safari ya kwenda Montgomery, makao makuu ya jimbo, wakiongozwa na John Lewis na Hosea Williams. Walidai Weusi waandikishwe kupiga kura, na walipinga kuuawa kwa Jimmie Lee Jackson, aliyepigwa risasi na askari wa jimbo mwezi uliotangulia. Walipovuka daraja la Edmund Pettus, askari waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Lewis alivunjika fuvu. Televisheni zilionyesha kipigo hicho usiku uleule. Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria hiyo tarehe 6 Agosti, na mitihani ya kusoma na kuandika iliyotumiwa kuwaengua Weusi ikasimamishwa Alabama na kwingineko Kusini.

Kilele cha kumbukumbu ni kulivuka daraja tena kwa miguu. Ajabu ni kwamba daraja lenyewe bado lina jina la jenerali aliyepigania upande wa watetezi wa utumwa. Mwaka 2015 Rais Barack Obama alivuka akiwa na Lewis, miaka miwili baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kubatilisha kifungu muhimu cha sheria hiyo, uamuzi ulioyafanya maadhimisho haya kuwa pia jukwaa la madai mapya.