Ekra ya ordinatere imebadilika nyuma ya sasisho: mambo ya kuangalia mbele ya kuformata

Mtu anazima ordinatere yake magaribi, kila kitu kiko sawa. Asubuhi anaiwasha: maandishi yamekuwa manene kama ya bango la dukani, ao yamekuwa madogo hata macho yanauma. Picha ndogo za programu zimejaa ekra nzima. Programu ya hesabu inaonekana kama iko ndani ya ukungu. Kitufe cha « OK » kimeshuka chini, hakionekani tena. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Ni sistemu yenyewe ilifanya sasisho, lile linaloandikwa kwenye ekra « mise à jour ».

Kwa wenye sekretaria za Bukavu, Goma ao Uvira, asubuhi ya namna hiyo ni hasara. Mwanafunzi anangojea kazi yake ya mwisho wa masomo itoke kwenye emprimante. Masomo yanataka karatasi za pointi. Mara nyingi jibu linalotolewa haraka ni moja kati ya mawili: « nunua ekra ingine » ao « tuformate machini ». La kwanza linakula pesa. La pili linaweza kufuta kazi ya miezi mingi kama hakuna kopi.

Lakini shida hii, mara nyingi, inamalizika bila kununua kitu na bila kufuta kitu. Inaomba tu kujua ni nini kimebadilika.

Mambo mawili ambayo watu wanachanganya

La kwanza ni rezolisyo, yaani hesabu ya vidoti vinavyotengeneza picha kwenye ekra. Wakisema 1920 kwa 1080, maana yake ni vidoti 1920 kutoka kushoto kwenda kuume, na 1080 kutoka juu kwenda chini. Kila ekra ya bapa ilitoka kiwandani na hesabu yake. Ukiipa hesabu ndogo kuliko ile, inavuta picha ili ijae, na maandishi yanapata ukungu.

La pili ni kipimo cha ukubwa, ambacho Windows ya Kifaransa inaita « Mise à l'échelle ». Hiki hakibadilishi vidoti. Kinaambia sistemu itumie vidoti vingapi kuchora herufi moja ao kitufe kimoja. Kwenye 100%, Windows inahesabu vidoti 96 kwa kila inchi moja. Kwenye 125% ni 120, kwenye 150% ni 144, na kwenye 200% ni 192. Herufi iliyokuwa inachukua vidoti 20 kwenye 100% itachukua 30 kwenye 150%.

Ndiyo maana mutu mwenye macho ya kuchoka hapaswi kushusha rezolisyo ili aone vizuri. Anapaswa kuacha rezolisyo ya ekra yake na kupandisha kipimo cha ukubwa. Hapo herufi zinakuwa kubwa na zinabaki safi.

Juu ya nini sasisho linaharibu

Njia ya kwanza ni piloti ya video. Piloti ni programu ndogo inayosaidia Windows kuongea na karte ya picha. Sasisho linaweza kuleta piloti mpya isiyopatana vizuri na machini, zaidi sana zile za okazyoni zenye miaka mingi. Windows ikikosa piloti inayofaa, inatumia ile ya kawaida ya Microsoft. Hiyo inaonyesha picha, lakini mara nyingi inabaki kwenye rezolisyo ndogo kama 1024 kwa 768, na kila kitu kinakuwa kinene.

Njia ya pili: ekra inajitambulisha upya. Ikiwashwa, inatuma habari zake kupitia kable: ukubwa wake na rezolisyo yake. Windows ikiona kama ni ekra mpya, inaweka kipimo inachopendekeza yenyewe, na kile mwenyewe alichochagua kinapotea.

Njia ya tatu ni programu za zamani. Nyingi zilitengenezwa zikijua tu vidoti 96 kwa inchi. Kipimo kikipanda, Windows inachukua picha ya programu na kuivuta, kama mtu anayekuza foto ya simu. Ndiyo ukungu ule.

Kuna pia kisa ambacho sasisho linasingiziwa. Mabadiliko mengine ya ukubwa hayaingii mpaka mtu atoke kwenye konti yake na kurudi. Mtoto ao mfanyakazi alibadilisha kitu siku ya kwanza. Machini haikuzimwa mpaka siku ya tano, sasisho lilipoomba kuanza upya. Watu wanasema ni sasisho. Kumbe ni ile kliki ya siku ya kwanza.

Mbele ya yote: ni ekra nzima ao ni programu moja?

Fungua programu mbili ao tatu na ulinganishe.

Kama ni navigateri ya intaneti peke yake ndiyo imekuwa kubwa, bonyeza Ctrl pamoja na 0. Inarudi kwenye 100%. Kama ni Word peke yake, angalia kipimo cha zumu chini, upande wa kuume.

Kama picha ndogo za ekra ya mwanzo ndizo zimekuwa kubwa, shika Ctrl na uzungushe gurudumu la suri.

Kama ekra nzima iko kubwa na inatembea ukisogeza suri, hiyo ni « Loupe », kioo cha kukuza. Inafunguliwa bila kujua kwa kubonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha. Windows pamoja na Esc inaifunga.

Watu wengi wamelipa fundi kwa moja kati ya mambo haya manne.

Hatua kwa hatua kwenye Windows 10 na 11

1. Hifadhi kazi zote, kisha uanze machini upya kwa kuchagua « Redémarrer ». Kuzima na kuwasha si kitu kimoja na kuanza upya: Windows za sasa mara nyingi zinaweka sehemu ya sistemu akiba ili ziwake haraka, na shida inalala humo humo. Machini ikiwa hai lakini picha ni mbaya, jaribu kwanza kubonyeza pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Ekra inamulika kidogo na piloti ya video inaanza upya, bila kufunga kazi.

2. Bonyeza Windows na I, ingia « Système », kisha « Affichage ». Kwenye rezolisyo, chagua ile yenye kuandikwa kwamba ndiyo inapendekezwa. Windows itauliza kama unataka kuiacha. Picha ikipotea, usiguse kitu: nyuma ya sekunde 15 inarudi yenyewe pale ilikuwa.

3. Pale pale, angalia « Mise à l'échelle ». Rudisha kipimo kinachopendekezwa, ao kile kilichokuwa kinatumika zamani. Kama ukurasa unasema kuna kipimo cha pekee kilichoandikwa kwa mkono, kiondoe na utoke kwenye konti. Kipimo cha pekee kinaruhusiwa kutoka 100 mpaka 500, na mtu akikosea namba, vitufe vyote vinatoka nje ya ekra. Hapo tumia klavie: Tab inasogea kutoka kitufe hadi kingine, na Entrée inakubali.

4. Kama rezolisyo nzuri haimo kwenye orodha, ao orodha haikubali kuguswa, angalia piloti. Bonyeza Windows na X, fungua « Gestionnaire de périphériques » na ufungue mstari wa karte za picha. Ukisoma jina la Intel, AMD ao NVIDIA, piloti iko. Ukisoma jina la Microsoft tu, piloti ya kweli imekosekana. Ipate kwenye ukurasa wa aliyetengeneza machini ao karte, kufuatana na modeli kamili. Programu zinazojisifu kwamba zinatafuta piloti zote kwa mara moja, ziache: nyingi zinaleta matangazo na hata virusi.

Kama piloti iko lakini ni mpya na mbaya, piga kliki mbili kwenye jina lake, ingia sehemu ya « Pilote », na utafute kitufe cha kurudisha ile ya zamani. Kitufe kikiwa cha kijivu, maana yake Windows haikuhifadhi ya zamani.

5. Angalia kable. Kable ya VGA, ile ya rangi ya bluu kwenye ofisi nyingi, ina nafasi 15 za sindano. Sindano ya 12 na ya 15 ndizo zinapitisha habari za ekra. Moja ikipinda, picha bado inapita lakini machini haijui tena ekra gani iko mbele yake, na inachagua rezolisyo ya kubahatisha. Kwa wenye kutumia televizyo kama ekra kupitia HDMI: kama kingo za picha zimekatwa, kosa si la Windows. Tafuta kwenye meni ya televizyo yenyewe mahali pa kuchagua namna picha inajaa.

6. Kama ni programu moja tu yenye ukungu, piga kliki ya kuume kwenye picha yake, ingia « Propriétés », kisha « Compatibilité », na ufungue mipangilio ya PPP. PPP ni vidoti kwa inchi. Kuna machaguo matatu. « Application » inaachia programu ijipime yenyewe: maandishi yanakuwa safi, lakini yanaweza kuwa madogo. « Système » inaivuta kama kawaida. Ile ya tatu, ya sistemu iliyoboreshwa, mara nyingi inasafisha maandishi ya programu za zamani. Jaribu moja moja, ukifunga na kufungua programu kila mara.

7. Mwisho kabisa ndipo sasisho lenyewe linaondolewa. Kwenye « Windows Update » kuna historia ya masasisho, na humo kuna njia ya kutoa lile la mwisho. Kama ni sasisho kubwa lililobadilisha vershini nzima ya Windows, kwa kawaida kuna siku 10 tu za kurudi nyuma. Fanya kopi ya kazi zote kwanza, na usianze kama umeme unacheza-cheza na hakuna ondulere. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, machini inaweza kukataa kuwaka.

Kwa wenye Ubuntu

Nyuma ya sasisho, fungua mipangilio, sehemu ya ekra, na uangalie kipimo. Vipimo vya katikati kama 125% vinaombwa kwa kuwasha kitufe cha pembeni. Kitufe hicho kiko kwenye mipangilio tangu Ubuntu 20.04, ya mwaka 2020. Programu za zamani zinaweza kupata ukungu kwenye vipimo hivyo, na kurudi kwenye 100% ao 200% kunazisafisha. Kama sistemu inarudia kosa lile lile kila ikiwaka, badilisha jina la faili monitors.xml iliyo ndani ya folda .config ya mtumiaji, kisha utoke na kurudi. Ubuntu itapima ekra upya.

Namna ya kujilinda

Leo, machini ikiwa nzima, ingia « Affichage », chukua foto ya ukurasa huo kwa simu, kisha andika rezolisyo na kipimo kwenye karatasi kando ya ekra. Shida ikitokea, namba ziko.

Microsoft inatoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Mwenye kazi ya haraka wakati huo anaweza kuomba Windows isimamishe masasisho kwa juma moja ao zaidi. Na mwenye kutumia megabaiti za simu anaweza kuambia Windows kwamba konekshoni yake inahesabiwa. Masasisho mengi hayatashuka yenyewe. Lakini kuyazuia kwa siku zote si dawa, juu yanaziba matundu ambamo virusi vinapita. Windows 10 yenyewe ilimaliza kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025.

Kazi muhimu, kama ya mwanafunzi ao hesabu za shirika, zikae pia kwenye kifaa cha USB kisichobaki kimechomekwa siku zote.

Ni wakati gani ekra ndiyo mbovu kweli?

Kuna jaribio moja la kufanya mbele ya kulipa. Bonyeza kitufe cha ekra yenyewe, kile cha kufungua meni ya mwangaza. Meni hiyo inatoka ndani ya ekra, Windows haina kazi nayo. Kama nayo ina mistari ao madoa, ekra inaumwa. Kama meni iko safi na picha nyuma yake ndiyo mbaya, ekra karibu kila mara ni nzima: shida iko kwenye mipangilio, piloti ao kable.

Fundi akisema lazima kuformata, mteja ana haki ya kumuuliza maneno mawili: « Piloti ya video ni ya nani? » na « Kopi ya kazi zangu iko wapi? » Fundi mzuri ataonyesha majibu yote mawili kwenye ekra, mbele ya kufuta kitu chochote.