Doria ya mbwa nyumbani

Doria ya mbwa ni tabia ya mbwa wa nyumbani kurudia mzunguko uleule wa ulinzi: kupita kando ya ukuta, kusimama getini, kunusa upenyo wa chini, kusikiliza, kisha kuanza upya. Mjini Bujumbura huonekana zaidi katika mitaa kama Rohero, Kiriri na Kinindo, ambako nyumba nyingi zimezungushiwa kuta ndefu. Mbwa hamwoni apitaye nje. Humsikia na kumnusa tu.

Sikio lake hunasa sauti za zaidi ya hezi 40,000, ilhali la binadamu hukomea 20,000. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba mbwa anabwekea hewa huenda anamwonea. Kinindo iko karibu na Ziwa Tanganyika, na viboko hutoka majini usiku kutafuta majani. Mbwa huweza kuwasikia na kuukodolea macho ukuta mtupu kabla zamu, kama mlinzi wa nyumba anavyoitwa huko, hajasikia lolote.

Kinachoipa tabia hii mizizi ni kufanikiwa. Mchuuzi anapita, mbwa anabweka, mchuuzi anatokomea. Mtu yule alikuwa na safari yake, lakini kwa hesabu ya mbwa amefukuzwa. Somo likirudiwa mara kumi kwa siku, fimbo haiwezi kulifuta. Hufaa zaidi kumwita kabla hajapandwa na hasira na kumpa kipande cha nyama akija.

Mwaka 1872 Charles Darwin alimweleza mbwa anayemwendea mgeni kwa shari: mwendo wa kukakamaa, mkia juu, manyoya yamesimama. Lakini mbwa mwenye afya hulegea hatari ikipita, akalala.

Asiyeweza kuacha doria ni habari nyingine. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo huweza kuzunguka papo hapo au kufukuza mkia wake hata barabara ikiwa kimya. Kuna pia urithi: mwaka 2010 watafiti wa Marekani walihusisha sehemu ya kromosomu ya 7 na mbwa wa aina ya Doberman wanaonyonya ubavu wao bila kukoma. Mbwa mzee naye hutangatanga usiku na kukwama kwenye pembe ya chumba kwa kuchakaa kwa ubongo.

Mabadiliko ya ghafla ndiyo ya kuogopa. Mbwa akianza kutokwa mate, sauti ikabadilika na akauma bila kuchokozwa, huenda ni kichaa cha mbwa. Asiguswe, aitwe daktari wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo apate chanjo.